Dafu, Futari na Mkono wa Mashine: Yanayosemwa Kuhusu Mafigo

"Kunywa madafu, yanasafisha mafigo." Nimeambiwa hivyo Wete, nikaambiwa tena Darajani, na kila anayesema ana nia njema. Kwa mtu mzima wa afya dafu halina neno. Kwa ambaye mafigo yake yameshachoka sana ni hatari. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, madini ambayo mafigo huyatoa yakizidi mwilini. Mafigo yasipoweza kuitoa hujaa kwenye damu, na moyo huweza kupiga ovyo hata ukasimama, pengine bila dalili yoyote kabla. Muhogo, ndizi na viazi vina potasiamu pia. Lakini ukimkataza mtu wa Pemba vyote hivyo kwa karatasi moja, afuturu nini? Aulizwe kwanza kwao kunapikwa nini. Muhogo ukikatwa vipande vidogo, ukachemshwa kwa maji mengi na maji yale yakamwagwa, potasiamu hupungua. Hapo mnaweza kupanga kiasi pamoja.

Wapo wanaosubiri mpaka kiuno kiwaume ndipo wakapime. Ugonjwa sugu wa mafigo huenda kimya kwa miaka. Mwenye kisukari au presha apimwe kreatinini ya damu, taka ambayo mafigo huitoa, na protini ya mkojo kila mwaka, hata akijihisi mzima, na asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoweza kuyaumiza mafigo.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Mgonjwa asiambiwe, atavunjika moyo." Mama yangu mdogo alikuwa wa mwisho kujua. Nyumba nzima tulishaitwa pembeni tukaelezwa habari ya mashine ya kusafisha damu, yeye anauliza kwa nini tunanong'ona. Anayeambiwa mapema hupata nafasi ya kuunganishwa mshipa mkononi, ambao ndio utakaotumiwa na mashine, na mshipa huo huchukua wiki kadhaa hadi miezi kukomaa. Mama mdogo alianza na mpira uliotiwa kwenye mshipa wa shingoni, ambao huingiza maambukizi kwa urahisi zaidi.

Sasa mshipa anao, mkono wa kushoto. Ukiweka kidole unausikia ukivuma. Mkono huo haupimwi presha wala hautolewi damu, na mgonjwa anayelisema hilo wengine humwita mjuaji. Juzi muuguzi kijana alishaanza kuufunga kitambaa cha presha.

"Huu sio, mwanangu. Huu wa mashine."

"Samahani, bibi," akasema, akazunguka kitanda, akaushika wa kulia.