Leseni ya TV Uingereza: kusema "sitazami BBC" hakukuokoi

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wetu walioko Uingereza kupanga bili na madeni. Kodi ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, wanailalamikia lakini wanaielewa. Leseni ya televisheni, yaani ada ya kila mwaka inayoiendesha BBC, shirika la utangazaji la umma, ndiyo inayojaa maneno ya kusikia kwa jirani, na kuna neno moja ninalolisikia mno kuliko yote.

"Mimi sitazami BBC. Natazama habari za nyumbani tu, tena kwenye YouTube."

Sheria haikuulizi kama unaipenda BBC. Inakuuliza mambo mawili. La kwanza: je, unatazama au unarekodi matangazo ya televisheni mubashara, yaani wakati uleule yanaporushwa? La pili: je, unatumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi vyake mtandaoni, hata kwa kipindi cha juzi? (iPlayer iliingizwa katika sheria hii Septemba 2016.) Ukijibu ndiyo kwa moja kati ya hayo, unahitaji leseni. Kituo kiwe cha London, Nairobi au Dar es Salaam, ni mamoja. Utazame kwa TV, laputopu au simu, ni mamoja pia.

Tuchukue jioni ya kawaida. Mama yuko jikoni anapika, simu ameiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Ni majira ya baridi, saa kumi na mbili jioni kwake, saa tatu usiku Nairobi, na taarifa ya habari ya Citizen TV inaanza mubashara. Hapo anahitaji leseni. Angesubiri taarifa iishe, akaitazama baadaye ikiwa imepakiwa, asingeihitaji. Mechi ya Simba na Yanga inayorushwa mubashara na Azam ndani ya programu ya simu inahitaji leseni. Mabao yake ukiyatazama kesho yake asubuhi kwenye YouTube, hapana. Mtu anayezungumza na wafuasi wake mubashara TikTok si kituo cha televisheni, kwa hiyo hahusiki. Ibada inayorushwa na kanisa lenyewe mtandaoni nayo haihusiki, ila ikiwa kuna kituo cha TV kinachoirusha wakati huohuo na wewe unaitazama.

Nalisisitiza hili kwa sababu wanaoumia si wale wenye sauti kubwa wanaobisha kwenye magrupu ya WhatsApp. Kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000, mbali na gharama za kesi. Na kwa miaka mingi takwimu za Wizara ya Sheria zimeonyesha kwamba wanaoshtakiwa, zaidi ya saba kati ya kila kumi ni wanawake. BBC yenyewe ililichunguza jambo hili mwaka 2017, na sababu mojawapo kubwa iliyotajwa ni nyepesi kuielewa: afisa wa kukagua leseni akigonga mlango, mwanamke ndiye ana uwezekano mkubwa wa kuwepo nyumbani na kufungua.

Ninaowapokea ofisini ni hao. Dada yuko nyumbani na mtoto mchanga, mlango unagongwa, anaulizwa maswali kwa upole, naye anajibu kwa adabu tuliyolelewa nayo. Anaeleza kila kitu, anatia saini. Baadaye bahasha inakuja. Haifungui kwa sababu ya hofu, au anaifungua na Kiingereza cha mahakama kinamshinda, anaiweka kwenye droo. Kwa England na Wales kesi hizi kwa kawaida huamuliwa na hakimu mmoja kwa makaratasi, bila mshtakiwa kuwepo. Usipojibu, hakimu hana habari kwamba una mtoto mgonjwa, kwamba kazi imekatika, kwamba mume ndiye aliyekuwa akilipa na ameondoka. Ukijibu ukaeleza hayo, mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa, na yapo mashauri ambayo hufutwa. Nawasihi ndugu zangu, fungueni bahasha. Mtafute mtu akusomee siku hiyohiyo.

Na afisa huyo hana ruhusa ya kuingia kwako bila hati ya mahakama. Unaweza kumwambia kwa heshima kwamba humkaribishi ndani, naye anapaswa kuondoka.

Sasa kuhusu thamani. "Ni wizi mtupu," wananiambia. Aprili 2025 ada ilipanda hadi pauni 174.50 kwa mwaka. Igawe kwa siku, ni kama peni 48, na hiyo ni kwa nyumba nzima, si kwa kila kichwa. Netflix isiyo na matangazo ya biashara ilikuwa pauni 12.99 kwa mwezi mwaka huohuo, nayo ni huduma moja tu. Mwaka 2015 ulifanyika utafiti, uliolipiwa na BBC yenyewe, ambapo familia ziliondolewa huduma zote za BBC kwa siku tisa. Kati ya familia 48 zilizokuwa zimesema hazitaki kulipa kitu, au zinataka kulipa pungufu, 33 zilibadili mawazo. Aliyelipia utafiti ana maslahi, ni kweli, lakini matokeo hayo yanalingana na ninayoyaona. Familia yenye watoto wadogo waliotoka Kigoma au Bukavu, wanaojifunza Kiingereza kwa CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, bila kurushiwa matangazo ya vitu vya kununua, inapata thamani yote ya fedha yake. Kijana anayeishi peke yake chumbani na kutazama tamthilia za Netflix tu haipati, na kwa bahati sheria haimdai.

Tena vingi vizuri vya BBC havihitaji leseni. Redio haina leseni tangu 1971. Masomo ya watoto ya Bitesize ni bure. Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza 1957, inasikilizwa bila leseni popote ulipo, ingawa tangu Aprili 2014 idhaa za dunia za BBC zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na ada hii, zikisaidiwa na ruzuku ya serikali.

Kinachoniuma mimi si kiwango. Ni kwamba mwenye benki na anayefagia ofisi za benki hiyo usiku wanalipa sawasawa. Ujerumani kila nyumba hulipa euro 18.36 kwa mwezi, iwe na TV isiwe nayo, yaani ni ghali kuliko Uingereza. Lakini anayeishi kwa posho za ustawi anaweza kuomba asamehewe. Mkataba wa kifalme wa BBC, yaani hati inayoipa mamlaka ya kufanya kazi, unaisha Desemba 2027, na ukizungumzwa mpya ningependa sauti za wafagizi zisikike.

Mengine nayapitia upesi. TV iliyotundikwa ukutani peke yake haikulazimishi kulipa. Unaweza kuitumia kwa michezo ya kompyuta au Netflix. Lakini watangazie rasmi wasimamizi wa leseni kwamba huihitaji, la sivyo barua hazitakoma.

Nyumba ya kupanga kwa vyumba: kama mmesaini mkataba mmoja wa pamoja, leseni moja yawatosha. Kama kila mtu ana mkataba wake wa chumba chake, kwa kawaida kila anayetazama chumbani mwake anahitaji yake.

Si lazima utoe fedha zote kwa mkupuo. Iko kadi ya kulipia kidogo kidogo kwa pesa taslimu katika maduka ya PayPoint, na upo mpango maalumu kwa waliobanwa. Asiyeona kabisa au aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona hulipa nusu. Ukihama nchi na leseni ingali na angalau mwezi mmoja kamili, dai urudishiwe.

Na wazee. "Baba ametimiza 75, sasa ni bure." Ilikuwa hivyo hadi Julai 2020. Tangu Agosti mwaka huo ni bure kwa mwenye miaka 75 ikiwa yeye au mwenzi wake anapokea Pension Credit, yaani posho ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo. Kwa hiyo mkinijia na mzee, siangalii leseni kwanza, naangalia kama ameomba posho hiyo. Wengi wanaostahili hawajaiomba, na anayeipata anaweza kufunguliwa pia msaada wa kodi ya nyumba na kodi ya kaunsili, ambavyo ni fedha nyingi kuliko leseni. Mleteni na barua yake ya pensheni na taarifa za benki.