Jua Linavyowalaza Askari wa Ngozi

Kipande cha kansa ya ngozi kinapowekwa chini ya hadubini, macho ya mwanafunzi hukimbilia kwenye kansa yenyewe: seli kubwakubwa za rangi ya waridi, viini vimevimba, zimejizungusha zikatengeneza viduara vya keratini, ile protini ngumu ya kucha na nywele. Mimi huwaambia waanze ukingoni. Pale kati ya uvimbe na nyama nzima utakuta vidoti vidogo vya zambarau vimesongamana. Hizo ni limfositi, seli za kinga. Wakati mwingine zimepenya mpaka katikati ya uvimbe. Wakati mwingine zimeuzunguka tu, hazijaingia. Na kuna vipande ambavyo huzioni kabisa, na hivyo ndivyo vinavyoninyima raha. Kwa melanoma hasa, yaani kansa ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, namna limfositi zilivyopenya ni jambo la kuandikwa kwenye majibu ya patholojia, kwa kuwa linasaidia kukisia ugonjwa utaelekea wapi.

Mimi ni daktari wa ngozi, na wagonjwa wangu wengi wa kansa ni watu wenye ualbino. Nikiwaeleza ugonjwa wao nilizoea kuzungumzia rangi: huna melanini, jua linakuunguza, seli zinaharibika, kansa inaota. Yote kweli. Ila hadithi hiyo inaishia nusu, kwa sababu seli za ngozi huharibika kila siku kwa kila mtu anayetoka nje ya nyumba, na wengi wetu hatupati kansa. Kuna kitu kinazisafisha. Na jua hilohilo linaloharibu seli ndilo linalokilaza kitu hicho.

Watu wakisikia kinga ya mwili hufikiria damu. Lakini ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kuwa na seli T (aina mojawapo ya limfositi) zipatazo bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zinazozunguka kwenye damu. Nyingi haziko safarini. Zimeweka makazi ngozini, kila kundi likikumbuka adui aliyewahi kupita hapo, na zinaweza kukaa miaka. Pamoja nazo wapo seli za Langerhans, seli za asili za kuua, makrofaji, seli za masti na wengine ambao nitawaruka leo.

Za Langerhans siziruki. Ziligunduliwa mwaka 1868 na Paul Langerhans akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin. Alipaka ngozi kloridi ya dhahabu, akaona seli nyeusi zenye matawi marefu zimetandazwa kwenye tabaka la juu, akaamua ni za neva. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo ikathibitika ni za kinga. Seli hii kwa kawaida haiui kansa kwa mkono wake. Kazi yake ni umbea: inanyoosha matawi kati ya seli za jirani, inaokota vipande vya protini isiyo ya kawaida, inaondoka ngozini na kushuka hadi kwenye tezi ya karibu (zile zinazovimba kinenani watu wakaziita mitoki), na huko inazionyesha seli T ilichookota. Seli T inayokitambua kipande hicho inazaliana, inapanda tena ngozini, inatafuta mwenye nacho na kumtoboa. Umbea usipofika, au ukifika umepotoshwa, seli T hazina habari.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ulitoka Melbourne, Australia, mwaka 2019. Watafiti walipandikiza seli za melanoma kwenye tabaka la juu la ngozi ya panya. Karibu asilimia 40 ya panya hawakuota uvimbe wowote wa kuonekana kwa macho. Ungedhani kansa imekufa. Walipochungulia ngozi ya wanyama wale wakiwa hai, kwa hadubini maalumu, walikuta seli za melanoma bado zipo, zimetulia, huku seli T wakazi zikizizungukia. Baadaye waliziondoa seli T hizo, na baadhi ya panya wakaota uvimbe. Kumbe kuna hali ya katikati kati ya kupona na kuugua: kansa ipo, haikui, kwa sababu inachungwa usiku na mchana. Nikimwona mtu aliyetolewa melanoma miaka mingi iliyopita, kisha ikarudi pale afya ilipoyumba, nawakumbuka panya wale.

Sasa jua. Katika miaka ya 1970 Margaret Kripke, mtafiti wa Marekani, aliwamulika panya kwa mionzi ya UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, mpaka wakaota kansa za ngozi. Akachukua uvimbe na kuupandikiza kwa panya wa ukoo uleule ambao hawajamulikwa. Wakaukataa. Miili yao iliutambua kuwa mgeni na kuumaliza. Akaupandikiza kwa panya waliomulikwa kwa muda tu, ambao wenyewe hawakuwa na kansa yoyote. Ukamea. Kwa hiyo kansa zile zilikuwa rahisi kutambulika na kinga yenye nguvu. Shida ni kwamba mwanga uliozizaa ulikuwa umekwisha kuizima kinga ya mwenye mwili.

Jua linaizimaje kinga? Kuna njia kadhaa. Mionzi ya UVB, aina mojawapo ya UV, huvunja mpangilio wa DNA ndani ya seli za Langerhans kama inavyofanya kwa seli nyingine. Zilizojeruhiwa hukimbilia kwenye tezi zikiwa na habari mbovu, na badala ya kuamsha seli T za kushambulia, zinaamsha zile za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuambia wenzao waache. Siku chache baada ya jua kali, ngozi inakuwa na seli za Langerhans chache. Njia nyingine ni kemia tupu: juu kabisa ya ngozi kuna asidi ya urokani, ambayo ikipigwa na UV inabadilika umbo, na umbo hilo jipya hushusha kinga. Jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1983.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, mwanawe mwenye ualbino akiwa amekaa mapajani na kofia imemfunika hadi puani: "Daktari, huyu hachezi juani siku nzima. Ni yale mapumziko ya saa nne tu shuleni. Tena wala hababuki." Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa kwenye mikutano. Nilimjibu hivi: mama, kubabuka ni dalili inayochelewa. Kinga ya ngozi huanza kushuka kwa kiwango cha jua ambacho hakijaifanya hata iwe nyekundu. Mtoto anayepata kidogo kila siku, mwaka mzima, anaharibikiwa seli na papo hapo wasafishaji wake wamelazwa.

Na hapo ndipo melanini inapoonyesha thamani yake. Kipimo kilichofanywa zamani kilionyesha kwamba karibu asilimia 7 tu ya UVB huvuka tabaka la juu la ngozi nyeusi, wakati kwa ngozi ya Mzungu ni karibu asilimia 24. Seli za Langerhans zimekaa humohumo kwenye tabaka hilo. Kwa hiyo melanini ni mwavuli wa DNA, na ni mwavuli wa kinga pia. Tanzania, ambako inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, kuna maelfu ya watu wanaoishi karibu na ikweta bila mwavuli huo. Ndiyo maana nasisitiza kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote (kapelo huacha masikio na shingo, na huko ndiko ninakokata vidonda), shati la mikono mirefu, kisha losheni. Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, imesaidia sana. Lakini losheni hupakwa nyembamba mno, hasa ikiwa chupa moja inagawanywa na ndugu watatu. Shati halipungui.

Ukitaka ushahidi kwa binadamu kwamba kinga ndiyo inayozuia kansa hizi, waangalie wasio nayo. Waliopandikizwa figo hunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae kiungo kipya. Nchini Norway ilionekana hatari yao ya kupata kansa ya seli za skwamasi (seli bapa za tabaka la juu la ngozi), aina ileile inayowaua watu wenye ualbino, ni karibu mara 65 ya watu wengine. Huku kwetu somo hilo tulilipata kwa njia chungu zaidi, kupitia VVU. Kansa ya Kaposi, yale madoa meusi au ya zambarau yanayoanzia miguuni na kuleta uvimbe mgumu, inasababishwa na kirusi kilichotambuliwa mwaka 1994. Watu wengi Afrika Mashariki wanakibeba bila kuugua. Kinga ikiporomoka, madoa yanatoka. Mgonjwa akianza ARV mapema, kuna madoa yanayofifia bila tone la dawa ya kansa. Hakuna kitabu kilichonifundisha nguvu ya kinga ya ngozi kama miguu ile. Kansa ya utando wa jicho nayo iliongezeka Uganda wakati wa janga la UKIMWI, jua na VVU vikisaidiana.

Kuna njia moja ya kuua kinga ya ngozi ambayo watu wanainunua kwa pesa zao. Mkorogo. Wengi wanajua habari ya zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Wachache wanajua kwamba kinachofanya mkorogo "ukubali" haraka mara nyingi ni steroidi kali, jamii ya klobetasoli, dawa ambayo mimi huiandika kwa wiki chache, kwa sehemu ndogo, na kwa masharti makali. Steroidi ya aina hiyo hupunguza seli za Langerhans. Basi dada anaondoa melanini, yaani mwavuli, halafu anawapunguza askari, halafu anatoka kwenda sokoni saa saba mchana. Madaktari wa Dakar, Senegal, wameripoti kansa za seli za skwamasi, hasa shingoni, kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi. Wanawake hao walizaliwa na ngozi nyeusi. Mimi sina maneno laini juu ya biashara hii.

Kama kinga inalazwa, inaweza pia kuamshwa. Jambo hilo si jipya. Miaka ya 1970 madaktari wa Marekani walidunga chanjo ya BCG, hiyohiyo iliyotuachia kovu mkononi utotoni, ndani ya uvimbe wa melanoma ngozini. Vivimbe vingi vilivyodungwa vilinywea, hasa kwa wagonjwa ambao kinga yao ilikuwa bado macho. Haikuwa tiba ya kudumu, maana kansa iliyoko mapafuni haikujali. Baadaye ikaja imikwimodi, krimu iliyoanza kama dawa ya masundosundo ya sehemu za siri. Yenyewe haiui seli ya kansa moja kwa moja kama dawa za kemo; inaidanganya kinga kwamba kirusi kimeingia. Ngozi inawaka, inatoa magamba, mgonjwa anapiga simu akilia kwamba nimemuunguza. Mwako huo ndio dawa.

Iliyonishangaza ni hii. Huko St. Louis, Marekani, watafiti walichanganya dawa mbili za kupaka za siku nyingi: fluorourasili, ambayo huua seli za kansa, na kalsipotrioli ambayo ni ya ugonjwa wa soriasisi. Wakawapaka watu wenye vile vidoa vikavu vya jua vinavyokwaruza kidole, ambavyo baadhi hugeuka kansa. Siku 4 tu, mara mbili kwa siku. Vidoa vilipungua sana. Miaka mitatu baadaye, waliopakwa mchanganyiko usoni na kichwani walikuwa wamepata kansa ya skwamasi sehemu hizo kwa asilimia 7, na waliopakwa fluorourasili peke yake asilimia 28. Seli T wakazi zilikuwa zimebaki ngozini zikilinda. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, lakini matokeo kama hayo kutokana na dawa za bei ya kawaida yananivutia kuliko sindano za kifahari. Usiende duka la dawa ukajichanganyie, tafadhali. Fluorourasili ikitumiwa vibaya inachoma, na kwa mjamzito ni hatari.

Sindano za kifahari nazo zipo. Kansa zina hila ya kubonyeza breki zilizoko kwenye seli T, na James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuziachia. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha semiplimabu, mojawapo ya sindano hizo, kwa kansa ya skwamasi iliyosambaa, na karibu nusu ya wagonjwa kwenye majaribio walipata nafuu inayopimika. Zinafanya kazi vizuri hapo kwa sababu jua limezijaza kansa hizo makosa mengi ya DNA, na kila kosa ni kitu ambacho seli T inaweza kukitambua. Melanoma ya unyayo, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kwa watu weusi, haitokani na jua, ina makosa machache, na sindano hizi huisumbua kidogo. Tena bei yake haisemeki mbele ya mgonjwa aliyeuza mbuzi apate nauli ya kuja kliniki.

Kwa hiyo kwetu kisu bado ni dawa ya kwanza, mradi kifike mapema. Kidonda cha usoni, mdomoni, sikioni au kisogoni kisichofunga kwa mwezi, kwa mtu mwenye ualbino, nakikata na kukipeleka maabara bila kusubiri tyubu nyingine ya krimu ya fangasi. Kikiwa cha ukubwa wa punje ya hindi, ganzi ya sindano inatosha na mtu anarudi kwake mchana huohuo. Ninaoletewa mara nyingi wamepitishwa kwenye zahanati kadhaa, wamepewa krimu na vidonge vya kila aina, na kidonda kimeshafika kwenye mfupa.