"Serikali isikie kilio chetu": serikali ipi?

Wiki hii nimepokea barua kumi na moja za wasomaji. Tisa zimefungwa kwa sentensi moja, karibu neno kwa neno: tunaiomba serikali isikie kilio chetu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili kuhariri ukurasa wa barua katika gazeti la hapa Kigoma, na sentensi hiyo siku hizi naiona inakuja kabla sijafika aya ya mwisho.

Naomba niseme bila kuzunguka: hiyo ndiyo sentensi inayoua barua nyingi nzuri. Wanaoiandika wana shida za kweli. Wamekaa na kalamu usiku, wamemtuma mtoto alete bahasha ofisini, au wamechapa kwa kidole kimoja kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Halafu wanamaliza kwa kumlilia mtu asiyekuwepo. Wanaamini kwamba ukiililia serikali kwa ujumla wake, mwenye jukumu atajitambua popote alipo na atainuka. Hajitambui. Afisa akisoma neno "serikali" anafikiria ofisi ya jirani. Mara kadhaa nimewauliza maofisa kuhusu barua fulani tuliyoichapa, na jibu huwa lilelile: ile haikutuhusu sisi. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingine wanasema kweli.

Barua ni hodi, na hodi hupigwa mlangoni kwa mtu.

Chukua barabara, maana masika yakianza nusu ya barua zangu ni za barabara. Bado watu wanaandika "mkurugenzi wa manispaa aje aone barabara yetu". Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ya mjini na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na halmashauri haizishughulikii tena kama zamani. Barabara kuu na barabara za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kwa hiyo msomaji wa Kasulu anayelalamikia barabara kuu ya kuja Kigoma mjini, na msomaji wa Mwanga, hapahapa mjini, anayelalamikia njia ya nyuma ya nyumba yake, wanatakiwa kupiga hodi kwenye milango miwili tofauti. Wote wawili wananiandikia "wahusika".

Na mtaro ulio kando ya njia hiyohiyo? Ukiwa umebomoka, anayehusika ni mwenye barabara. Ukiwa umejaa taka, hilo ni la usafi, na usafi ni wa manispaa, kuanzia kwa afisa afya wa kata. Ukiandika "miundombinu mibovu" umeziweka ofisi mbili kwenye kapu moja, na kila moja imepata sababu ya kumtazama mwenzake. Mvua inayofuata maji yanaingia ndani kwako, si kwao.

Kwenye maji hali ni hiyohiyo. Hapa mjini mamlaka ya maji ni KUWASA. Vijijini kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoanza mwaka 2019, na chini yake kuna vyombo vya watumia maji vilivyoundwa na jamii zenyewe, ambavyo ndivyo vinavyoendesha mradi wa kijiji siku hadi siku. Nimeshika barua zinazoilaumu wizara kwa kituo cha maji kilichofungwa, wakati ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mjumbe anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa mwandishi. Mgogoro wa bili mjini ukishindikana kwa mamlaka ya maji, mlango unaofuata ni EWURA, wadhibiti wa huduma za maji na nishati. Nauli ya basi ni LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu. Boti ya abiria iliyopakia kupita kiasi pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kuelekea vijiji vya kaskazini ni jambo la TASAC, wadhibiti wa usafiri wa majini, na hilo hata usiniandikie kwanza. Gazeti letu ni la wiki. Piga simu siku hiyohiyo, waambie na polisi, ukishafanya hivyo ndipo uje kwangu.

Mfano ulionichosha kuliko yote ni wa mwaka 2024, shughuli za uvuvi ziliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga waliandika kwa wingi, na walikuwa na haki ya kuandika, kwa sababu mtu anayeishi kwa dagaa na migebuka hawezi kunyamaza akiambiwa akae miezi mitatu nchi kavu. Lakini barua baada ya barua zilimtaka diwani "afungue ziwa". Ziwa hili tunalo sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na kupumzisha uvuvi kwa msimu ni jambo ambalo nchi hizo nne zilikubaliana. Diwani hana ufunguo wa ziwa. Kumbe ndani ya barua zilezile, katikati kabisa, yalikuwemo maswali yenye mlango: asiye na shamba ale nini kwa miezi hiyo, mchuuza dagaa asiyemiliki hata kasia amewekwa kwenye mpango gani, na mwakani tutajulishwa mapema kiasi gani. Maswali hayo ni ya afisa uvuvi na ya wizara. Yalizama kwa sababu kichwa na mkia wa barua vilikuwa kilio.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja, na wanaonifahamu wamechoka kulisikia: barua moja, mlango mmoja. Ukiwa na shida ya maji, ya barabara na ya mnada wa mifugo, hizo ni barua tatu. Kila moja ijibu mambo manne. Ni wapi hasa? Tangu lini? Ni jukumu la ofisi gani? Unataka wafanye nini? "Hapa kwetu" si mahali. Niambie mtaa, na kitu ambacho mgeni akifika atakiona: msikiti, mwembe mkubwa, mashine ya kusaga. "Muda mrefu" si tarehe. "Watusaidie" si ombi. "Wazibue mtaro kabla ya mvua za Novemba" ni ombi, kwa sababu Novemba ikifika kila mtu ataona kama limefanyika.

Mama mmoja aliniletea barua ya sentensi sita. Alitaja mtaro ulio nyuma ya soko la mtaa wake, akaandika tarehe tatu ambazo maji yalipanda hadi kwenye meza za wauza samaki, akasema taka zinatupwa na sisi wenyewe wanamtaa usiku, akamtaja afisa afya wa kata kwa cheo chake, akaomba kontena moja la taka na siku maalumu ya kulibeba. Hakulia hata mara moja. Niliichapa bila kugusa neno. Wiki ile nilipokea simu nne za ofisi zikiuliza ni soko lipi, na kontena lilifika. Sisemi kila barua inapata kontena. Nyingi hazipati. Ila ile ilimwacha mhusika bila pa kujifichia, kwa kuwa ilikuwa imekubali hata kosa la mwandishi na majirani zake.

Kabla hujaniandikia mimi, waandikie wenye ofisi. Hili nalirudia kila mwezi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, moja uache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Msomaji anayeniambia "niliuliza kwa maandishi, nakala yenye muhuri hii hapa, siku thelathini zimepita" ameniletea habari, na mimi nitampa nafasi ya juu ukurasani. Anayeniambia "tumelalamika sana" ananilazimu nimuulize alilalamika kwa nani, na hapo mara nyingi tunabaki kimya sote wawili.

Kuna na mikutano. Mkutano wa wakazi wa mtaa unatakiwa kila miezi miwili, mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na huko ndiko mapato na matumizi yanakosomwa. Wengine wanadhani barua gazetini ni njia ya kukwepa jua la mkutano. Nenda kwanza. Kama haukuitishwa, niandikie hilo lenyewe, na tarehe ya mkutano wa mwisho.

Sasa mengine ninayoambiwa na wasomaji, kwa kifupi.

"Nisipoweka jina niko salama zaidi." Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kufichwa jina gazetini kunawezekana, na nimewafichia wengi: walimu, wauguzi, mke anayemwogopa mumewe. Lakini mimi mhariri lazima nikujue, jina na namba ya simu, kwa sababu nitakupigia. Barua isiyo na mwenyewe haitoki. Niliwahi kupokea moja ikimtuhumu mwenye duka kuuza mbolea iliyochakachuliwa. Nilifuatilia mwenyewe, nikakuta mbolea haina tatizo, na nyuma ya barua kuna ugomvi wa kiwanja kati ya ndugu wawili. Kama ningeichapa, ningekuwa nimemvunjia mtu riziki yake kwa karatasi isiyo na jina.

"Nikianza na 'inasemekana' hawawezi kunishitaki." Wanaweza, na gazeti nalo pamoja nawe. Kurudia kashfa ya mtu mwingine ni kutoa kashfa. Maneno "tetesi zinadai" hayajengi ukuta wowote mbele ya hakimu. Kinachokulinda ni ukweli unaoweza kuuthibitisha, juu ya jambo ambalo umma una haja ya kulijua. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kutoa maoni, na maoni yako kwamba huduma ni mbovu yaandike upendavyo. Ukisema mtu fulani ameiba, hayo si maoni tena. Umedai jambo lililotokea, na utaulizwa ushahidi.

"Mhariri amekata barua yangu kwa sababu amepewa kitu." Hili huniuma, nalijibu mara moja tu. Ukurasa una nafasi ya barua tano au sita. Barua ya karatasi nne inakula nafasi ya watu watatu. Nakata salamu, nakata methali za kufungulia, nakata matusi. Matusi siyakati kwa kumwogopa mtu. Neno "mafisadi wakubwa" limekalia nafasi ambayo tarehe moja ingekaa, na tarehe ina nguvu kuliko tusi. Nikikata jambo la msingi nakupigia kwanza. Ukiona limekatwa bila kupigiwa, njoo ofisini tuongee, mlango uko wazi.

"Mimi sikusoma, Kiswahili changu kitachekwa." Ndugu yangu, hilo lisikuzuie hata siku moja. Herufi nitazipanga mimi, hiyo ni kazi yangu. Barua bora nilizonazo kwenye faili zimeandikwa na watu walioishia darasa la nne, na mbili ziliandikwa na wajukuu kwa maneno ya bibi zao. Kile Kiha, lugha yetu ya hapa, kinachojipenyeza huwa nakiacha pale kinapoeleweka. Barua zinazonipa kazi ngumu ni za waliosoma, zenye "changamoto mtambuka" na "mustakabali wa jamii husika", ambazo nikishamaliza kuzipepeta sikuti hata mtaa mmoja ndani yake.

Wapo pia wanaosema ukurasa huu ni wa kujazia nafasi, habari zenyewe ziko mbele. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, barua za wasomaji kutoka pande mbalimbali za Tanganyika zilikuwa sehemu ya gazeti, na wanaochunguza maisha ya wakati ule leo wanazirudia barua hizo kujua watu wa kawaida walikuwa wakibishania nini. Wewe unayeniandikia kuhusu bei ya mawese Ujiji unaacha kumbukumbu ambayo hakuna taarifa ya ofisi itakayoiacha.

La mwisho ni la wale wanaoandika mara moja, wakisubiri wiki mbili, kisha wakaniambia gazeti halina maana. Andika tena. Taja barua ya kwanza, toleo lake na tarehe yake, sema nini kimebadilika na nini hakijabadilika. Yule mama wa mtaro ameniandikia mara tatu tangu wakati ule. Ya tatu imefika Jumatatu hii: kontena lipo, ila halibebwi siku iliyopangwa, limepitiliza mara nne, na tarehe zote nne amezitaja. Inatoka Ijumaa. Wewe mwenye barua ya toleo linalofuata, ilete kabla ya Jumanne saa kumi jioni, na juu kabisa, kabla ya salamu, andika jina la ofisi unayoipigia hodi.