Si lazima kujaza betri hadi asilimia 100 kila kituo

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuwa mwenye gari la umeme akisafiri mbali lazima ajaze betri hadi asilimia 100 kila kituo, la sivyo atakwama njiani. Si kweli.

Chaja ya kasi hujaza haraka betri ikiwa karibu tupu. Ikifika karibu asilimia 80, gari lenyewe hupunguza umeme linaopokea ili kulinda seli za betri, hivyo sehemu ya mwisho hujaa polepole. Ndiyo maana dereva wa Norwei anayetoka Oslo kwenda Bergen, zaidi ya kilomita 450 kupitia milimani, anaweza kuondoka na betri iliyojaa, akasimama kidogo njiani, akaongeza na kuendelea. Kujaza zaidi kuna maana kituo kinachofuata kikiwa mbali, au kwenye baridi kali, ambayo hupunguza umbali ambao gari linaweza kwenda.

Kuhakiki ni rahisi: tazama kilowati (kipimo cha nguvu ya umeme unaoingia) kwenye skrini ya chaja, utaziona zikishuka betri inapokaribia kujaa.

Mkanganyiko unaeleweka. Tumezoea tangi la mafuta. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji hushauri betri za LFP (aina ya betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfati) zijazwe hadi 100 mara kwa mara ili kipimo cha chaji kisome sawasawa. Huo si ushauri wa kila kituo. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.