Barabara Haijui Tani 56: Kwa Nini Lami ya Salgaa Hubonyea

Kila masika yakianza, simu za ofisini kwetu hapa Nakuru hazikauki: barabara imeoza tena huko Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mvua imeimaliza. Mimi ni mhandisi wa barabara, na jibu langu ni lile lile. Mvua hukuta kazi imeshaanzwa na magurudumu.

Simama kwenye mlima wa kutoka Salgaa kwenda Mau Summit saa nane mchana, utazame upande wa malori yanayopanda. Lami imebonyea mistari miwili, kila mmoja upana wa tairi pacha, na kando yake imevimba kama tuta la viazi. Niliwahi kulaza rula ndefu ya chuma juu ya mstari mmoja, vidole vyangu vinne vikapita chini bila kuigusa. Lami ikipata jua hulainika. Lori lenye mwendo huikanyaga likaondoka. Trela linalopanda kwa gia ya kwanza huikandamiza pale pale kwa muda mrefu, nayo husogea pembeni kama unga uliokandwa.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka lori lisizidi tani 56 kwa jumla, na ekseli moja, yaani chuma kinachounganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia, yenye tairi nne isizidi tani 10. Wenye mizigo wengi hukariri ile 56 wakaisahau 10. Lakini barabara haihisi jumla, huhisi ekseli moja moja inapopita. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukizidishwa kwa wenyewe mara nne: uzito × uzito × uzito × uzito. Uzito ukiongezeka mara mbili, madhara huwa mara 16. Ekseli ya tani 12, iliyozidisha tani mbili tu, huumiza barabara maradufu ya ile ya tani 10. Ekseli ya gari dogo hubeba kama nusu tani. Ingepita mara 160,000 ndipo ilingane na ekseli moja ya tani 10. Kwa hiyo mwenye Probox asilaumiwe.

Ndiyo maana lori linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwenye mizani ya Gilgil. Magunia yakirundikwa mbele tu au nyuma tu ya bodi, ekseli ya hapo huzidiwa huku nyingine zikipumua. Wewe unayepakia sukari Muhoroni au mahindi Kitale, usimwachie taniboi kazi hiyo peke yake. Tandaza mzigo, ufunge usihame njiani.

Mzigo mzito kwa haki ni wa reli. Njia ya reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile njia ya upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake viwili kutoka Nakuru imekarabatiwa. Treni ya abiria ilirudi Desemba 2021. Reli mpya ya milimita 1,435 ilifika Naivasha mwaka 2019, na kwa kuwa mapana hayalingani, kontena hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kuhamisha ni gharama, na gharama hiyo humrudisha mfanyabiashara kwenye lori. Pale Kisumu, meli ya MV Uhuru huyapokea mabehewa yenyewe na kuyavusha ziwa hadi Uganda, nalo bomba la mafuta lafika Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kila lita inayopita bombani imepunguza kazi ya lori la tangi mlimani. Ndege za Eldoret na Kisumu hubeba vya haraka na vyepesi. Saruji haitapanda ndege.

Hadi mizigo hiyo ihame, mistari ile itakuwapo. Ukiikuta imejaa maji, punguza mwendo mapema, ukwepe kuendesha ndani yake. Kwenye kasi, tairi huelea juu ya maji, na usukani utakaouzungusha hautageuza gari.