Jina la Bandia Halimfichi Mtu Shehiani Kwake

Kila mzozo unapozuka katika kundi la mtandaoni la wanashehia au la waliosoma skuli moja, na mizozo ya michango ndiyo inayoongoza, hunijia mtu afisini kutaka nimsaidie kufungua akaunti ya jina la bandia ili aseme bila ya kujulikana. Kazi yangu ni kushauri juu ya usalama wa mtandaoni, na ombi hili nimelisikia Unguja na Pemba hadi limenichosha, kwa sababu takriban kila anayelileta anaamini kwamba akishaficha jina, hakuna atakayemjua.

Si kweli. Jina ni alama moja tu miongoni mwa nyingi, na katika jamii ndogo si alama kubwa. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakaazi wa Marekani wanaweza kutambuliwa kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya wanapoishi. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi ya mamilioni kwa mamilioni, basi Zanzibar, ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu 1,889,773, haina msitu wa kujifichia. Mtu huandika kwamba alikuwapo kikaoni Ijumaa baada ya sala na kwamba risiti aliiona kwa macho yake, ilhali kikao kilikuwa na watu saba, wanne kati yao ni viongozi wanaotuhumiwa, na wawili hawajapata kuandika aya ndefu maishani mwao. Kabla ya isha mtaa mzima umeshamjua, naye bado anaamini kwamba amejificha nyuma ya picha ya ua la asumini.

Uandishi nao humtaja mtu. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichunguza makala 12 za kisiasa za Marekani ya karne ya 18, zilizotolewa kwa jina la kubuni la Publius na ambazo mwandishi wake alikuwa akibishaniwa, wakahesabu maneno madogo madogo ambayo mtu huyaandika bila ya kuyafikiri, na matokeo yakamwelekea James Madison. Wao walihitaji hesabu. Sisi Mmakunduchi na Mmicheweni tunawajua kwa sentensi ya kwanza.

Halafu kuna simu yenyewe. Katika kundi la WhatsApp, kwa kawaida, wanachama wenzako huiona namba yako. Facebook inaruhusu kuandika katika kundi bila ya jina kuonekana, lakini wasimamizi wa kundi wanaliona, na mara nyingi msimamizi ndiye huyo huyo unayetaka kumlalamikia. Picha ya risiti ikitumwa kama faili huweza kubeba saa na mahali ilipopigwa.

Ushauri wangu, ambao wateja wengi hawaupendi, ni kuandika kwanza pembeni, kisha kuipitia kila sentensi na kujiuliza ni watu wangapi wanaoweza kuijua habari iliyomo. Inayojulikana na watu wasiofika kumi, ifute. Ikiwa baada ya kufuta hakuna kilichobaki, basi huna la kusema kwa siri: ama sema kwa jina lako yale tu uliyoyaona mwenyewe, ama peleka karatasi zako kwa kamati na unyamaze.

Wapo wanaoshika upande wa pili na kudai kwamba kila anayeficha jina ni muongo. Mfanyakazi anayefichua wizi wa dawa ana sababu halali ya kujificha. Korea Kusini iliwalazimisha watumiaji wa tovuti kubwa kuthibitisha majina yao kuanzia 2007. Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo mwaka 2012, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba matusi yamepungua kwa kiasi cha maana.

Kwamba sheria ya mtandao ni ya Bara na haituhusu, hilo nalijibu kwa ufupi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika pande zote mbili za Muungano, na taarifa za uongo ni kosa hata zikitolewa kwa jina la kubuni. Wala usitegemee kwamba mwenye jukwaa atakulinda. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Disemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, na si kila mwenye jukwaa atakubali kufikishwa huko kwa ajili yako.

Linaloniudhi kupita yote ni la mwenye akaunti mbili, anayeandika kwa jina lake asubuhi na jioni akajiunga mkono kwa jina la bandia ili aonekane yuko na wengi. Akigunduliwa, hata hoja yake ya kweli hupotea, na mshika fedha ambaye hajatoa hesabu hugeuka kuwa ndiye aliyedhulumiwa.