Nyimbo za kale za Hispania: dhana potofu na kilichoandikwa kwenye ngozi

Nyimbo za kale za ibada ya Kikristo ya Hispania huitwa pia za Kimozarabu. "Kimozarabu maana yake ni nyimbo zenye asili ya Kiarabu." Jina ndilo linalopotosha. Wamozarabu walikuwa Wakristo walioishi Hispania chini ya utawala wa Waislamu, ila liturujia yao, yaani utaratibu wa ibada, ina umri mkubwa kuliko utawala huo ulioanza mwaka 711. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Toledo wa mwaka 633 ulikwisha agiza utaratibu mmoja wa sala na uimbaji. Aliyeshinikiza liturujia hiyo ikomeshwe ni Papa Gregori VII. Mtaguso wa Burgos ukapitisha hilo mwaka 1080.

"Noti zipo, tuimbe tu." Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Kitabu cha antifona (nyimbo fupi za ibada) cha León, mji wa kaskazini mwa Hispania, cha karne ya 10, kimejaa neuma, yaani vialama vya wino juu ya maneno, lakini hakina mistari ya kuonyesha kimo cha noti. Mwimbaji alikuwa na sauti ya wimbo, yaani melodia, kichwani tayari. Alama ilimkumbusha tu. Neuma inakuambia silabi ina noti ngapi, na kama sauti inapanda au inashuka. Kiasi cha kupanda haikuambii. Chukua silabi mbili, ya kwanza inapanda kwa noti mbili, ya pili inashuka kwa noti mbili. Kwa solfa, d-r kisha m-r inakubali. D-s kisha f-d nayo inakubali! Na pale silabi moja inapokutana na nyingine mara nyingi hapana dalili yoyote, hivyo ukikosea hapo kosa unalibeba hadi mwisho wa wimbo.

"Basi hakuna la kufanya." Lipo, tena linahitaji subira tu. Andika maneno silabi kwa silabi. Chini ya kila silabi weka J kwa noti inayopanda, C kwa inayoshuka, X kwa isiyojulikana. Noti ya kwanza ya silabi kwa kawaida ni X. Kisha tafuta mfuatano huohuo katika nyimbo nyingine. Ukiukuta tena na tena mwishoni mwa sentensi, huo ni mtindo wa kufungia. Linganisha na hati ya pili, ila usichanganye mwandiko wa kaskazini, unaosimama wima, na ule wa Toledo unaolala.

"Sauti zote zimepotea." Karibu zote. Zinazosomeka ni zaidi kidogo ya 20 kati ya maelfu. Nyingi zimo katika hati ya monasteri ya San Millán de la Cogolla, Hispania: kwenye ibada ya mazishi, neuma za kale zilikwanguliwa na mahali pake pakaandikwa noti za Akwitania (eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa), vidoti vilivyopangwa kwa kimo. Anzia hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

"Vitabu vya Kardinali Cisneros vimehifadhi sauti za awali." Vitabu hivyo vya nyimbo za Kimozarabu, vya huyo askofu mkuu wa Toledo, vina noti kamili, ndiyo, lakini ni vya karne ya 16. Viweke kando ya neuma za León, silabi kwa silabi: mara nyingi idadi ya noti hailingani, wala mwelekeo. Ukiimba kutoka humo, taja karne ya 16 kwenye karatasi ya ratiba ya tamasha, usiandike ya 10.